Mgeni Njoo, Mwenyeji Akauke

Paukwa!

Pakawa!

Hapana. Mmeitikia kama watu waliokwisha kushiba. Hadithi hii si ya walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Watoto kaeni mbele. Na nyinyi wakubwa msijifanye mmekuja kuwasindikiza watoto, hii ni yenu zaidi. Mnivumilie pia, maana kila nikiisimulia hasira hunipanda, na leo sina nia ya kuishusha.

Hapo zamani za kale, na zamani yenyewe si mbali kama mnavyotaka iwe, huko magharibi jua linakozama, palikuwa na bonde liitwalo Dimbo. Kiangazi cha Dimbo si cha mchezo. Upepo unashuka kutoka jangwani, vuuu, vuuu, umebeba vumbi. Midomo inapasuka. Majani yanavunjika ukiyagusa. Maji yanabaki mahali pamoja tu, katika bwawa lililo juu ya bonde, mlimani kidogo.

Bwawa hilo lilikuwa na mlinzi. Kazi yake kugawa maji: huyu anywe, yule anywe, mnyonge asisukumwe. Na sheria ya ulinzi ilikuwa fupi, hata mtoto aliijua. Kila mvua zikikatika, mlinzi anatoka majini, anasimama ukingoni kama wengine, wanyama wanachagua. Wanachaguaje? Kwa mlolongo. Unayemtaka unasimama nyuma yake. Mwenye mlolongo mrefu ndiye mlinzi. Basi.

Mwaka huo mlinzi alikuwa Kiboko. Mwenzake aliyesimama kushindana naye alikuwa Mhanga, yule mchimbaji wa masikio marefu, mpole, asiye na makuu. Wanyama wakajipanga. Nyuma ya Mhanga wakasimama swala, kobe, nungunungu, ndezi, kima, kanga na watoto wao. Mlolongo ukapanda kilima, ukashuka upande wa pili. Nyuma ya Kiboko wakasimama ngiri, shemeji zake. Tena baadhi yao walikuwa wanatazama pembeni kwa haya.

Kiboko akautazama mlolongo wa Mhanga. Akautazama wake. Akageuka, akajitupa majini. Chubwi!

"Kiboko, toka," wanyama wakasema. "Umeshindwa."

"Nimeshindwa na nani?"

"Na mlolongo. Huuoni?"

"Wenu nauona," Kiboko akasema. "Wangu ndio hamuuoni. Wangu umesimama chini ya maji."

Mnacheka? Chekeni. Hata wao walicheka. Kicheko kiliwakauka jioni, walipokwenda kunywa wakawakuta ngiri wamepanga mstari ukingoni, meno nje, na Kiboko katikati ya maji anaimba:

*"Bwawa ni langu, maji ni yangu,*
*anayebisha na aje kwangu!"*

Buuf! Akafungua kinywa. Hakuna aliyekwenda.

Zamani Kiboko alikuwa akitoka usiku kwenda kula nyasi. Sasa hakutoka kabisa. Aliogopa akirudi atakuta mtu amekaa. Ngiri wakamletea nyasi, yeye akawapa maji, wakapendana hivyo. Waliosimama nyuma ya Mhanga wakaambiwa wakanywe huko huko kwenye mlolongo wao.

Sasa mumjue Bi Kanga. Alikuwa mama wa vifaranga, na kitinda mimba wake aliitwa Kidoti, kwa sababu ya doa moja jeupe juu ya jicho. Kiu ilipozidi, wanyama wakaanza kuvuka kilima kwenda kwenye mto wa majirani. Walirudi na maji kwenye vibuyu, wakayamimina katika mtungi mmoja, na mtungi wakamkabidhi Bi Kanga. Yeye alikuwa hamwagi hata tone. Alipimia kwa ganda la yai, ganda lile lile alimototolewa Kidoti. Asubuhi ganda moja kwa kila nyumba. Jioni ganda moja. Haikutosha, lakini hakufa mtu.

Ndipo wakaja wasuluhishi.

Walikuja na ngoma. Ti, ti, ti! Walikuwa Jumuiya ya Mabonde Jirani. Mbele alitangulia Nyati, mkubwa wao. Nyuma yake Korongo, msemaji, mwenye miguu mirefu na kofia nyeupe. Mhanga akawakimbilia kwa furaha.

"Wamekuja kutusaidia! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bi Kanga, wape maji wanawe."

"Kwa mtungi huu?"

"Kwa upi mwingine? Wageni wasiponawa, tutasemwa."

Tutasemwa! Neno hilo limezika wengi kuliko kipindupindu. Bi Kanga akawanawisha. Wakanawa mikono, wakanawa uso, Korongo akanawa na miguu, na miguu ya korongo mnaijua. Wakanywa. Wakaomba tena.

"Huko bwawani kuna maji tele," Bi Kanga akasema. "Mbona hamwendi kunywa kwa Kiboko?"

"Mama," Korongo akasema, "tukinywa kule tutaonekana tumeegemea upande."

Wakala viazi vikuu vya mbegu, vile vilivyowekwa kungojea mvua. Wakalala. Wakazungumza na Kiboko. Wakazungumza wao kwa wao. Kuhusu ule mlolongo wa chini ya maji, walisema madai ni mazito, lazima iundwe tume. Tume ikaundwa. Ikaenda mpaka ukingoni, ikatazama maji, ikarudi. Ikasema haijui kuogelea.

Kisha Korongo akapanda juu ya kichuguu, akasoma tamko. "Tunaziomba pande zote mbili zijizuie."

Bi Kanga akasimama. "Pande zipi mbili? Mmoja uko ndani ya maji, mwingine una kiu. Kiboko ajizuie kutuuma, sawa. Sisi tujizuie nini? Kiu?"

"Lugha hiyo, mama, haisaidii mazungumzo."

Dimbo walikuwa na desturi, na sisi tunayo, ila tumeigeuza kuwa methali ya mtihani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bi Kanga hakuwa mtu wa kuacha desturi nusu. Jioni ya siku ya pili akaliegemeza jembe kwenye mlango wa wageni. Alfajiri akaenda kuwaamsha. Hamna mtu. Wameondoka, jembe limebaki limeegemea mlango, na mtungi umefika nusu.

Haya, hazikupita siku nyingi. Ti, ti, ti! Wakaja wengine. Hawa ni wakubwa zaidi, Umoja wa Mabonde Yote. Mkubwa wao alikuwa Mamba. Bwawa la kwao ameliingia akiwa kijana na hajalitoka mpaka leo, halafu huyo ndiye aje amfundishe Kiboko kutoka! Na pembeni mwa Mamba, nani huyo? Miguu mirefu. Korongo. Safari hii na kofia nyekundu.

Bi Kanga akamletea jembe palepale.

"La nini?" Korongo akauliza.

"Umerudi. Siku zako mbili ulizila."

"Aliyezila ni msemaji wa Jumuiya. Mimi ni mshauri wa Umoja." Akaigusa kofia. "Leo ni siku yangu ya kwanza katika kofia hii."

Bi Kanga akamtazama Mhanga. Mhanga akatazama chini. "Kofia ni mpya kweli," akasema. "Mgeni ni mgeni, Bi Kanga. Tutasemwa."

Wakanawa. Wakanywa. Mlangoni mwa nyumba ya Bi Kanga vifaranga walichungulia.

"Mama, maji," Kidoti akasema.

"Subiri, mwanangu. Wageni kwanza."

Safari hii suluhu ilipatikana. Sikilizeni suluhu. Kiboko abaki na maji. Mhanga apewe ukingo. Ataitwa Mlinzi Msaidizi wa Ukingo, na atapewa kijiti cha kushika. Kiboko akakubali haraka, kwa nini asikubali? Mhanga naye akakubali, kwa amani. Wasuluhishi wakapigiana makofi, pa, pa, pa! Asubuhi Mhanga akaenda kukaa ukingoni na kijiti chake. Ngiri wakamfukuza mpaka kijiti kikavunjika.

Mamba akachukia. Akasema Umoja umedharauliwa. Akasema sasa Kiboko ataona. Njia zote za kuingia na kutoka Dimbo zifungwe! Asipite mtu, kisipite kitu, mpaka Kiboko aone uchungu na atoke mwenyewe. Wakafunga, wakaondoka. Hawakufikisha siku ya tatu.

Sasa mniambie nyinyi. Nani alikuwa akipita njiani? Kiboko? Kiboko yuko majini, nyasi analetewa! Waliokuwa wakipita ni swala na ndezi wenye vibuyu, wakienda kwenye mto wa majirani. Wakafika kilimani, wakakuta askari wa Umoja.

"Rudini."

"Tunafuata maji."

"Njia imefungwa. Ni kwa ajili yenu."

Wakarudi na vibuyu vitupu. Kiboko alipopata habari kuwa ameadhibiwa, alitoa kichwa, akasema Buuf, akarudi kulala. Mnaona? Mwizi yuko chumbani, wao wanapiga kufuli jikoni.

Ganda moja asubuhi. Jioni hakuna. Kisha nusu ganda. Kobe mzee akafa, watu wakasema ni umri. Ndezi wawili wakafa, watu wakasema ni vumbi. Bi Kanga alikuwa anaukwangua mtungi kwa kucha, na Kidoti aliacha kukimbia na wenzake, akawa anakaa tu chini ya bawa la mama yake.

"Mama, maji."

"Nakuletea, mwanangu."

Siku hiyo lilikuwa limebaki ganda moja, la mwisho kabisa, maji yenye rangi ya udongo. Bi Kanga akayakinga, akaliweka ganda juu ya kifuniko cha mtungi, akaingia ndani kumbeba Kidoti, maana Kidoti alikuwa hawezi tena kutembea.

Ti, ti, ti!

Jamani. Wamekuja tena. Safari hii wanajiita Marafiki wa Dimbo. Mkubwa wao ni Korongo mwenyewe, kofia ya kijani.

"Karibuni," Mhanga akasema, sauti imemkauka. "Mgeni njoo..."

"Vumbi limenikaba," Korongo akasema. "Nisukutue kidogo kabla sijazungumza."

Mhanga akatazama huku na huku. Akaliona ganda. Akalichukua kwa mikono miwili, kwa adabu, akampa mgeni.

Korongo akasukutua. Guru, guru, guru. Akatema.

Akatema chini! Mchanga ukayameza, pakabaki alama ndogo, na alama yenyewe ikakauka watu wanatazama. Bi Kanga akatoka na mtoto kifuani. Akaliona ganda tupu. Akaiona ile alama. Korongo alikuwa ameshapanda kichuguu, sauti yake laini.

"Sisi Marafiki wa Dimbo tunaifuatilia hali hii kwa karibu."

Kwa karibu! Kidoti alikuwa karibu. Alikuwa pale pale chini ya kichuguu, anatazamwa. Alifungua mdomo, hakuomba maji, hakusema kitu. Akaufunga.

"Kwa karibu sana," Korongo akasema.

Nisubirini kidogo.

Haya.

Bi Kanga hakulia. Alimlaza mtoto kivulini, akaingia ndani, akatoka na jembe. Akatembea mpaka kwenye kichuguu, tii, tii, polepole.

"Bwana Korongo. Shika."

"Mama, pole sana kwa msiba. Lakini leo ni siku yangu ya kwanza katika kofia..."

"Mimi sikulisha kofia!"

Bonde zima lilisikia. Hata ngiri huko ukingoni waliinua vichwa.

"Sikunawisha kofia," Bi Kanga akasema. "Kofia haikunywa maji ya mwanangu. Limekunywa koo hilo. Miguu hiyo ndiyo niliyoiosha. Tumbo hilo nimelipikia viazi vya mbegu. Kofia yako ina siku moja hapa. Tumbo lako lina kiangazi kizima. Shika jembe!"

Swala wakasogea. Nungunungu wakasimamisha miiba. Kima wakashuka mitini. Ghafla Marafiki wote wakakumbuka shughuli za haraka kwao. Mmoja ana harusi, mwingine ana mkutano kuhusu mkutano. Korongo akapiga mabawa, fya, fya, fya, akaruka, kofia ikaanguka kwenye vumbi. Hakuna aliyeiokota.

Mhanga akapiga magoti, machozi yanamtoka. "Bi Kanga, nimekosa. Niliogopa tutasemwa."

"Nyamaza," Bi Kanga akasema. "Machozi ni maji, yatunze. Nataka kucha zako. Nisaidie kumzika mwanangu."

Wakashuka bondeni, mahali palipobonyea, chini kabisa ya lile bwawa. Bi Kanga akachimba kwa jembe, Mhanga kwa kucha. Kaburi la kifaranga si kubwa. Walipomlaza Kidoti, Mhanga akausugua udongo kwenye viganja vyake. Akaunusa. Akatazama juu, kuelekea bwawani.

"Bi Kanga. Udongo huu una unyevu."

"Ehe?"

"Bwawa liko juu yetu. Maji yanataka kushuka. Yamezuiwa na ukingo tu." Akaelekeza ukucha juu. "Kiboko sisi hatuwezi kumtoa majini. Lakini maji tunaweza kuyatoa kwa Kiboko."

Oyaa! Hapo ndipo mtu anajua kwa nini Dimbo walimchagua mchimbaji. Wakaja wote, mwenye kucha kwa kucha, mwenye kwato kwa kwato, Bi Kanga kwa lile jembe. Kwaru, kwaru. Ndi, ndi, ndi. Mfereji ukaanzia kando ya kaburi la Kidoti, ukapanda, ukapanda.

Ngiri wakaja. "Mnachimba nini?"

"Choo," Bi Kanga akasema. "Wasuluhishi wanarudi, safari hii wengi zaidi."

Ngiri wakatazamana. Walikuwa wamewaona wasuluhishi wakila. "Chimbeni kirefu," wakasema, wakaenda zao.

Kwaru, kwaru. Ndi, ndi, ndi. Asubuhi moja jua limepanda, Mhanga akawaambia wote wakae pembeni. Akaingiza kucha kwenye ukingo, akavuta. Punje ya mchanga ikaanguka. Tone likafuata. Kisha ukingo ukasema puu! Na maji, shaaaa! Yakashuka kwenye mfereji yakikimbiana, yakajaa bondeni, na vifaranga wa Bi Kanga wakayaingia mpaka shingoni wakipiga kelele.

Kiboko akaamka. "Bwawa ni langu, maji ni..." Akatazama chini. Maji yalikuwa magotini. Akaimba tena. Yakawa kwenye kwato. Wanyama wakapanda ukingoni, wakatazama pale chini ya maji, pale uliposimama ule mlolongo wake. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na tope na Kiboko.

"Bwawa hilo," Bi Kanga akasema. "Ni lako. Kaa."

Ngiri walikuwa wa kwanza kushuka bondeni, shingo zimelegea. Mhanga akawaambia wasimame mwisho wa foleni. Walikunywa, maana Mhanga ni mlinzi, hana kisasi na mwenye kiu. Kiboko alingoja giza, akaondoka bila wimbo.

Mnadhani imekwisha? Bado. Ti, ti, ti! Wamekuja wote pamoja, Nyati, Mamba, na Korongo amevaa kofia mbili, moja juu ya nyingine. Wakajipanga kando ya maji. Korongo akakohoa.

"Tunapongeza mafanikio ya usuluhishi wetu."

Wetu! Mmesikia? Wetu!

"Na sasa," akasema, "tungeomba maji kidogo ya kunawa."

Wanyama wote wakamtazama Mhanga. Mhanga akafungua mdomo. "Mgeni njoo..." Jicho lake likaangukia kile kilima kidogo cha udongo kando ya mfereji. Akaufunga mdomo. Akaingia nyumbani kwa Bi Kanga, akatoka na jembe, akalitia mkononi mwa Korongo.

"Lakini tumefika leo!" Korongo akasema.

"Maji yamelila kaburi la Kidoti upande mmoja," Bi Kanga akasema. "Anzia hapo."

Korongo akageuka nyuma. Mlolongo ulikuwa umesimama, mrefu, umepanda kilima ukashuka upande wa pili, na ulikuwa juu ya ardhi, kila mtu anauona. Akainama. Kofia zikamdondoka. Ndi. Ndi. Ndi.

Sasa funzo, na sitalifunika kwa kawa. Anayesema pande zote mbili mbele ya mwizi na aliyeibiwa, ameshachagua upande. Adhabu inayompita mkubwa ikampata mtoto si adhabu, ni wizi wa pili. Na ukarimu ni mzuri, lakini usimkaribishe mgeni kwa maji ya mwanao kwa kuogopa kusemwa. Wacha waseme. Siku ya tatu wape jembe.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye kaburi dogo. Anayetaka kunishukuru asinipigie makofi. Jembe liko mlangoni.